Fundi, hii picha ya nyumba ina nini?

Mwezi huu swali limekuwa moja tu, watu wananitumia picha za nyumba zinazouzwa hapa Mombasa, Utange, Bamburi, Likoni, Mji wa Kale mpaka Miritini huko, halafu chini yake wameandika "fundi hebu niangalilie hapa". Nimeziangalia zote, nyingine usiku mpaka macho yakauma, kwa sababu najua mtu akituma picha kama hiyo nyuma yake kuna pesa za miaka. Picha zenyewe sizitoi hapa maana ni nyumba za watu, nitasema tu nilichokiona.

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Niko Jeddah mwaka wa sita sasa, kazi ni za nyumbani kwa watu, nimejibana nikaweka akiba na kakangu amenipatia nyumba Utange, vyumba vitatu na kiwanja kidogo. Dalali ametuma picha 14 kwa WhatsApp. Mimi naiona nzuri ila chumba cha watoto juu kwenye silingi kuna kitu kama doa la chai, kaka anasema ni kivuli. Na sebuleni ukuta chini rangi si sawa na ya juu. Dalali ananihimiza, ati kuna mtu mwingine anaitaka. Nitume arubuni?
*Dada wa Jeddah*

JIBU: Waalaykum salaam dadangu. Usitume, si leo.

Hilo doa nimelikuza mpaka picha ikaanza kukatika. Lina ukingo wa hudhurungi, ndani ya huo ukingo kuna mwingine, na ndani yake kuna wa tatu umefifia. Kivuli hakiwi hivyo, kivuli ni cha kitu, na katika chumba kile hakuna kitu chochote cha kukitupa pale juu, taa yenyewe iko upande mwingine. Maji yakilowesha bodi ya silingi yanatembea kwenda nje yakibeba vumbi na kutu ya misumari, yakifika mwisho yanakauka na uchafu wote unabaki pale pale kwenye mpaka, ndo maana pembeni huwa peusi kuliko katikati. Mvua nyingine ikija inachora mpaka wake. Kwa hivyo mipaka mitatu maana yake kumevuja mara tatu kwa uchache na hakuna aliyepanda juu kutengeneza. Inaweza kuwa ni msumari mmoja wa bati umelegea, kazi ya asubuhi moja, na inaweza kuwa mbao za paa zimeoza zote upande ule, picha haiwezi kukwambia ni lipi. Lazima mtu apande na tochi aingie ndani ya silingi, abonyeze mbao kwa bisibisi, ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa basi ujue.

Huo ukuta wa sebule sasa, hapo nazungumza na wewe kama mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa mkono wake. Rangi mpya imeishia usawa wa kiuno, ukiangalia vizuri kuna mstari wa rola umepita sawasawa kutoka mlangoni mpaka kwenye kona, na juu ya hapo rangi ni ya zamani imepauka kidogo. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huishia hapo hapo, chini kidogo ya mita moja au kufikia mita moja, kwa sababu ukuta unaunyonya kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta. Husababishwa na ile karatasi nyeusi ya kuzuia unyevu, DPC, inayolazwa juu ya msingi kabla ya jiwe la kwanza, ama haikuwekwa, ama ilipasuka, ama watu wamejaza udongo nje ya nyumba mpaka ukapita pale ilipo.

Miaka kadhaa nyuma dalali mmoja alinipigia simu nikapake rangi nyumba moja Mishomoroni, ukuta mmoja tu, haraka, mpiga picha anakuja saa tisa. Nilipoweka kiganja ukuta ulikuwa baridi na umelowa. Nilimwambia hii haitashika, akanambia paka tu, nikapaka, nikalipwa, nikaenda zangu. Haikufika miezi miwili nikapigiwa simu na mama aliyeinunua, alipata namba yangu kwa jirani, ananiuliza mbona rangi yako inabambuka. Nilikwenda nikakuta ukuta umevimba malengelenge na kitanda cha mtoto kimesogezwa katikati ya chumba kwa ajili ya kuvu. Nilichimbua plasta yote ya chini na nikaifanya upya kwa pesa yangu, lakini yule mama alikuwa ashalipa bei ya nyumba kavu. Tangu siku ile nikiona kipande cha rangi mpya peke yake kwenye picha moyo unanipiga.

Halafu dadangu kuna picha ambayo hukuitaja kwa sababu haipo. Nimehesabu: sebule 5, nje 4, vyumba 3, jikoni 2, hizo ndizo 14 zako. Choo na bafu hakuna hata moja. Jikoni zote mbili zimepigwa upande mmoja, chini ya sinki hakuonekani. Mtu ana sebule nzuri anaipiga mara tano, basi bafu lingekuwa zuri angelipiga hata mara moja.

Fanya hivi. Kakako aende yeye mwenyewe na fundi msiyepewa na dalali, aende siku ambayo mvua imenyesha usiku wake, akupigie simu ya video na wewe ndiye umwelekeze mambo ya kukuonyesha, si yeye. Aanze bafuni, afungue mifereji yote pamoja, avute choo, afungue kabati la chini ya sinki aingize mkono. Picha nyingine atakazokutumia azitume kama dokumenti, maana WhatsApp ikituma kama picha ya kawaida inaibana na vitu vidogo vyote vinapotea, na ufa mwembamba ni kitu kidogo. Na amuulize muuzaji, hii nyumba inauzwa na ardhi yake au bila ardhi? Wewe ni mtoto wa huku unajua, hapa pwani mtu anaweza kuwa na nyumba na ardhi ya chini yake ikawa ya mwingine, babake alijenga kwa ruhusa ya mwenye shamba na mpaka leo wanalipa kodi ya ardhi, na nyumba inauzwa hivyo hivyo. Si wizi, ni jambo linalojulikana, ila bei yake si bei ya nyumba yenye taito, yaani hati ya ardhi, na hakuna picha inayoweza kukuonyesha tofauti hiyo. Wakiwa na taito chukua namba yake, wakili wako, narudia wakili wako, afanye sachi ofisi ya ardhi aone jina nani limeandikwa na kama benki inadai.

Na huyo mtu mwingine anayeitaka usimuogope. Akiinunua yeye basi haikuwa riziki yako, nyumba Utange hazijaisha, na miaka sita ya kuamka usiku kwenye nyumba za watu haiwezi kumalizwa na haraka ya dalali wa wiki moja.

SWALI: Fundi salama? Kuna fleti Bamburi karibu na bichi, ghorofa ya tatu, chumba cha kulala kikubwa kama ukumbi wa harusi na bei iko chini mpaka nashangaa. Picha ya mwisho ni baraza na jua linazama baharini. Mimi na mke wangu tunaenda kuiona Jumamosi, tuangalie nini?
*Wa Mtopanga*

JIBU: Salama ndugu yangu. Anza na hilo jua. Bahari ya Bamburi iko mashariki, jua linatoka baharini na linazama huko nyuma, upande wenu wa Mtopanga na kuendelea. Wewe unakaa pale kila jioni unaliona. Kwa hivyo hiyo picha ama imepigwa saa kumi na mbili na kitu asubuhi na maelezo yakaandikwa na mtu ambaye hajawahi kusimama kwenye hiyo baraza, ama haikupigwa pale kabisa. Yote mawili ni mabaya kwako kwa sababu ukishajua moja ya picha si kweli huwezi tena kuziamini zile nyingine kwa urahisi.

Chumba nacho kimepigwa na ile lenzi pana, kwenye simu nyingi ni ile ya 0.5. Utaijua kwa vitu vya pembeni, beseni la kunawia lililo kwenye kona ya picha limevutwa mpaka limekuwa kama yai, na hakuna kiwanda kinachotengeneza beseni lile. Usibishane na picha, hesabu taili. Mlango wa kawaida ni sentimita 90 kwa upana na mita 2.1 kwa urefu. Nimeangalia pale mlango ulipo, umefunika taili mbili na kipande, kwa hivyo hizo ni taili za 40 kwa 40, zingekuwa za 60 mlango ungefunika moja na nusu. Sasa hesabu kutoka ukuta mpaka ukuta, ziko saba. Mara 40 ni mita 2.8. Weka kitanda cha futi sita kwa sita pale ndani uone kimebaki kiasi gani cha kupita na kabati bado. Si kibaya, watu wanaishi, lakini sicho ulichoambiwa.

Lililonitisha ni jingine na wala hukuliuliza. Kwenye hiyo picha ya jua, juu kabisa, inaonekana tumbo la baraza ya ghorofa ya nne. Kuna michirizi ya rangi ya kutu, imenyooka, iko sambamba, na nafasi kati yao ni sawa sawa. Maji hayaendi hivyo, maji yanazunguka. Kitu kilichonyooka na kikapangwa kwa kipimo ni nondo. Na mwisho wa mchirizi mmoja kuna kipande cha zege kimeshadondoka, pale peusi, ukikuza utaona chuma chenyewe.

Upepo wa bahari unakuja na chumvi mwaka mzima, na wako wajenzi wanaochanganya zege kwa mchanga wa pwani bila kuuosha, au wanaweka nondo karibu mno na uso wa zege. Chumvi na unyevu vikifika kwenye chuma kinaanza kutu, na kutu inataka nafasi mara mbili na zaidi ya chuma chenyewe kilivyokuwa, kwa hivyo inasukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka, likipasuka chumvi inaingia zaidi, na mambo yanaenda mbio. Ukipiga plasta na rangi juu umefunika kidonda na usaha ndani. Dawa yake ni kulibomoa lile zege bovu, kusafisha chuma chote au kukikata na kuunga kingine, halafu kurudishia, tena chini ya injinia.

Kwa hivyo Jumamosi nenda, lakini usianze na chumba. Simama chini nje uangalie matumbo ya baraza zote, halafu panda ngazi ukigonga kwa mpini wa bisibisi chini ya slebu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, pale unapofikia, zege zima linalia ngumu, lililoachana na chuma linalia tupu ndani kama boga. Mkeo asisimame chini ya hiyo baraza ya nne mkiwa mnaongea na dalali. Na uulize wenye fleti nyingine wana mpango gani, maana slebu ni ya jengo zima, hata ukiitengeneza ya kwako wewe ya jirani ndiyo iliyo juu ya kichwa chako.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na dadangu tumepata nyumba Mji wa Kale, mlango wa nakshi na roshani ya mbao, tumeipenda sana. Lakini picha za chini kuta zina unga mweupe kama wa ngano na plasta inabambuka vipande vipande. Dalali anasema ni uzee tu, tukipiga simiti itakaa sawa. Juu kuna chumba kipana kizuri ajabu, hicho ndicho kilichotuvuta.
*Msomaji, Makadara*

JIBU: Marahaba mwanangu. Naomba sana simiti hiyo isipigwe, hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia.

Nyumba hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, mawe ni ya jamii ile ile ya Fort Jesus ambayo ilianza kujengwa 1593 na bado iko pale inatazama bahari, kwa hivyo jiwe halina shida. Jiwe hilo limejaa vitundu, linanyonya maji na linayatoa, na chokaa inaliruhusu, unyevu unaingia na unatoka, ukuta unapumua. Kwenye picha yako ya tatu, pale plasta ilipobambuka, tazama rangi ya kipande kilichobaki. Ni kijivu. Chokaa ni nyeupe au ya maziwa, kijivu ni simiti, yaani kuna mtu alishafanya hayo dalali anayowaambia mfanye. Simiti iliuziba ukuta, maji yakakosa pa kutokea, chumvi iliyomo ndani ikawa inakauka nyuma ya plasta na kugeuka chembe, zile chembe zikikua zinaisukuma plasta mpaka inaachia. Huo unga mweupe ndio chumvi yenyewe, chovya kidole uonje. Dawa ni kuitoa simiti yote, kuuacha ukuta ukauke, na kuacha ukauke ni miezi wala si siku, chumvi ikitoka unaipangusa kwa brashi kavu, kisha unapiga plasta ya chokaa. Mafundi wa chokaa bado wapo mjini, ulizieni wazee wa mtaa.

Sasa hicho chumba kilichowavuta, mimi ndicho kilichoninyima usingizi. Vyumba vya nyumba za zamani za Mji wa Kale ni vyembamba na virefu, na sababu si kwamba wazee hawakupenda nafasi, sababu ni boriti. Dari imebebwa na boriti za mikoko na mti wa mkoko mzuri wa kazi unatoa urefu wa kama mita mbili na nusu hadi tatu, kwa hivyo ukuta na ukuta haviachani zaidi ya hapo. Chumba chenu kwenye picha ni kama mara mbili ya hiyo na hakuna nguzo hata moja. Tazameni dari yake, katikati kuna mstari umepita kutoka upande mmoja mpaka wa pili, na boriti za upande huu hazikutani sawa na za upande ule. Pale palikuwa na ukuta. Umebomolewa. Swali ni nini kimewekwa badala yake kubeba dari na ghorofa ya juu yake, na kwenye picha mimi sioni kitu, naona jipsamu nyembamba imezungushwa pale. Inaweza kuwa ndani yake kuna chuma kizuri kilichopimwa na injinia. Inaweza kuwa kuna ubao. Msilipe chochote kabla hiyo jipsamu haijatobolewa mkaona.

Na Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, kubomoa na kujenga kunahitaji ruhusa, kwa hivyo muuzaji aonyeshe kibali cha kuutoa ule ukuta. Asipokuwa nacho, mkishanunua ni wenu huo mzigo. Nisiwakatishe tamaa, ikiwa mtapata nyumba ile kwa bei inayoheshimu kazi iliyobaki basi inunueni na muitunze, inaniuma kila nikipita nikiona mlango wa nakshi umeng'olewa na pameachwa tundu.

SWALI: Fundi, nyumba ya Mikindani, picha ya jikoni ina soketi ya stima juu ya sinki kabisa, na picha ya nje ghorofani kuna mlango lakini hakuna baraza wala ngazi, mlango unafunguka hewani. Ni kawaida?
*Baba watatu*

JIBU: Mlango ni kawaida kwa maana ya kwamba baraza ilikusudiwa na pesa ikaisha, utaona hata nondo zimechomoza chini ya kizingiti. Zikiwa zimechomoza bila kufunikwa zishaanza kutu, hiyo baraza ikija kujengwa isifungwe kwenye hizo hizo. Kwa sasa na watoto watatu mlango huo ujengwe matofali au utiwe chuma siku ile ile mnayohamia, kabla hata kitanda hakijaingia. Soketi ihamishwe na fundi wa stima mwenye leseni, na akiwa hapo afungue na zile nyingine zote, aliyeweka moja juu ya maji hakuweka hiyo peke yake vibaya.

SWALI: Kwenye picha ya nyumba Miritini ukuta wa ua una alama ya X nyekundu imepakwa chokaa juu lakini bado inaonekana kwa mbali. Muuzaji anasema ni watoto walichezea rangi.
*Mfanyakazi wa bandarini*

JIBU: Kaka, watoto hawapaki X ya urefu wa mtu. Alama hiyo hupakwa na mamlaka, ya barabara au ya reli au ya ukaguzi wa majengo, ikimaanisha ukuta au nyumba iko kwenye eneo lao au si salama na inatakiwa kubomolewa. Mara nyingi kando yake huwa na herufi za mamlaka iliyoipaka, na kwenye picha yako chini kulia naona kama mguu wa herufi K umebaki, sitaapa. Huko Miritini barabara ya Nairobi na reli zote zimepita. Chukua ramani ya kiwanja uende na mpimaji aliyesajiliwa atafute bikoni, zile alama za mpaka wa kiwanja, halafu ulizia kwenye ofisi husika kwa maandishi na ujibiwe kwa maandishi. Inawezekana iliyo kwenye njia ni ukuta wa ua tu na nyumba imepona, hiyo nayo hutokea, lakini muuzaji aliyeifunika kwa chokaa akakwambia ni watoto, mimi singekaa naye meza moja.

SWALI: Fundi mimi niko upande wa pili, nauza. Mamangu amefariki mwaka jana, Mungu amrehemu, na ndugu tumekubaliana kuuza nyumba yake Likoni. Ina ufa juu ya dirisha la chumba chake, na kisima maji yake yana chumvi kidogo. Dalali anasema nizibe ufa nipake rangi ndio tupige picha. Sitaki kumdanganya mtu kwa nyumba ya mamangu lakini pia sitaki kuitupa. Nifanyeje?
*Kitinda mimba, Likoni*

JIBU: Mungu amweke mahali pema mamako, na amekulea vizuri, barua yako nimeisoma mara mbili.

Ufa usiuzibe. Picha uliyonitumia inaonyesha unaanzia kwenye kona ya juu ya dirisha unapanda kwa mshazari. Kona za madirisha na milango ndipo ukuta ulipo dhaifu, msingi ukishuka kidogo upande mmoja, au lenta, ule mhimili wa juu ya dirisha, ikiwa fupi, hapo ndipo panapofunguka kwanza. Ufa mwembamba kama unywele, chini ya milimita 1, mara nyingi ni plasta tu. Ukifika milimita 5 na zaidi, au ukiona juu mpana kuliko chini, au upo na upande wa nje vile vile, hapo ukuta wenyewe unatembea na fundi wa msingi lazima aje. Kwa hivyo weka rula kando yake ndio upige picha, ndani na nje. Piga mstari wa penseli pale ufa unapoishia leo na uandike tarehe pembeni, ukae miezi miwili mitatu, ipite mvua moja kama inawezekana, upige tena. Ikiwa ufa haujaupita mstari umepata ushahidi kwamba nyumba imetulia, na hiyo picha ya pili itakuuzia nyumba kuliko rangi yoyote. Ikiwa umeupita, afadhali mjue nyinyi kabla ya mnunuzi, mumwite fundi au mshushe bei mkijua mnashusha kwa nini.

Picha nyingine piga asubuhi madirisha yakiwa wazi na mapazia yamefungwa pembeni, simama mlangoni na lenzi ya kawaida, kila chumba mara mbili, kutoka mlangoni na kutoka kona ya mkabala, choo na bafu pia, na silingi, na chini ya sinki. Usitoe kila kitu cha mamako ukaacha vyumba vitupu, acha kitanda pale, watu wapime kwa macho. Kisimani weka ndoo imejaa pembeni upige na hiyo, uandike wazi kwamba maji ni ya chumvi kidogo, yanafaa kufulia na kuogea, ya kunywa mnanunua. Akija mtu kuona nyumba mpe kikombe ayaonje mwenyewe.